Gazeti la Kusomewa

Ukitaka kujua jinsi magazeti ya wanawake yalivyoingia katika milima ya Upare, usiulize ni nani aliyeyanunua. Wanunuzi walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wanaume waliokuja likizo kutoka Tanga, Moshi au Dar es Salaam, gazeti likiwa limefungiwa sabuni. Uliza ni nani aliyeyasoma kwa sauti. Kila kitongoji nilichoishi, kuanzia Mbaga hadi Gonja, kilikuwa na msichana au mwanamke mmoja ambaye akina mama walimwita gazeti lilipofika, wakasogeza ungo wa maharage pembeni na kusema: haya, tusomee. Kwanza nilikuwa msichana huyo, kisha nikawa mwanamke huyo. Sasa macho yamechoka na mimi ndiye ninayesomewa.

Kusoma kwa namna hiyo ni kazi yenye ufundi wake. Unatazama Kiswahili kilichoandikwa, unakitamka, halafu kwa ajili ya bibi aliyeketi karibu na nguzo unakigeuza kuwa Chasu, lugha yetu Wapare, kabla hujavuta pumzi. Hapo ndipo unapolijua gazeti. Zipo sentensi zinazovuka bila taabu, na kabla hujafika kwenye nukta mtu ameshadakia. Zipo nyingine ambazo ukizitamka zinaanguka palepale miguuni, na mama mmoja anaanza kuuliza bei ya chumvi. Nimeyapima magazeti yote ya maisha yangu kwa kipimo hicho, na naamini ni kipimo cha haki.

Maandishi yaliwafikia wanawake wa Upare kwanza kwa Chasu, tena kwa mlango wa kanisa. Walutheri wa misheni ya Leipzig walikuwa Shigatini, upande wa kaskazini, tangu mwaka 1900. Wasabato walifika mwishoni mwa 1903, wakajenga kituo chao cha kwanza Giti, kule Mamba, wakakiita Friedensthal. Mmisionari wao Ernst Kotz alitoa kitabu cha sarufi ya Chasu mwaka 1909, na Agano Jipya la Chasu likachapishwa 1922. Bibi yangu mzaa mama alijifunza herufi ili abatizwe. Alisoma maisha yake yote, lakini alisoma vitabu viwili tu, nyimbo na Agano, na vyote viwili vilizungumza naye kwa lugha aliyomlilia nayo mama yake.

Kiswahili kilipanda kwa njia nyingine. Kilikuja na akida, karani, kodi na baraza la mashauri. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipitia Same, na vijana wetu wakaifuata kwenda kukata mkonge. Waliporudi walikuwa wanaume wa lugha mbili. Wanawake walibaki juu na ndiva za maji, mashamba ya migomba na watoto. Sisemi hawakujua Kiswahili. Sokoni walikijua vizuri sana. Ila kilikuwa lugha ya watu wenye shughuli nao, si lugha ya watu wao. Gazeti lililotaka kuzungumza na mwanamke wa Vudee au Chome lilianzia nje ya ua, likibisha hodi.

Nalo halikubisha hodi mapema. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la serikali ya kikoloni, lilianza Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu, na huku kwetu lilisomwa na walimu, makarani na wainjilisti. Ndani yake wanawake walizungumzwa sana. Katika miaka ya 1940 na 1950 wasomaji walishindana kwa barua na mashairi kuhusu dansi, mavazi, heshima na ustaarabu, na mwanamke ndiye aliyekuwa uwanja wa shindano lenyewe. Amevaaje, ametoka na nani, nani amemruhusu. Aliandikwa kama mtu asiyekuwapo chumbani. Wilaya yetu nayo ilikuwa na gazeti lake katika miaka ya 1950, Habari za Upare, na baba alilihifadhi kwenye sanduku pamoja na stakabadhi za kodi. Mahali hapo palitosha kutuonyesha kwamba lilikuwa gazeti la nani.

Kisha wakaja walezi. Mwaka 1951 liliundwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika chini ya ulezi wa mke wa Gavana Twining, na vilabu vya akina mama vikaenea, vikifundisha kushona, kufuma, kupika na kulea watoto. Mama yangu alikwenda kwenye kilabu. Alijifunza kufuma sweta, na katika baridi ya Mbaga sweta si jambo dogo, sitaki kulidharau. Lakini sauti ya mafunzo yale, na ya kurasa za wanawake zilizofuata nyayo zake kwa miaka mingi baadaye, ilikuwa ya mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Mama bora hufanya hivi. Mama bora hafanyi vile. Chemsha, osha, funika, panga. Ni sauti isiyongoja jibu.

Huenda msomaji akaniambia kwamba mawaidha ni asili ya lugha yetu, na wanawake wa pwani wamewaidhiwa tangu zamani. Ni kweli. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858, na wosia wenyewe ni mkali, umejaa utii kwa mume kuliko ninavyoweza kuukubali. Lakini tazama anavyozungumza. Ni mama mgonjwa, amemwita mwanawe aje karibu na vifaa vya kuandikia, na kila agizo lina mtu nyuma yake na maisha yake yote. Msikilizaji anajua ni nani anayemwambia na kwa nini. Nimesoma sehemu za utendi ule mbele ya wanawake wa Kilutheri wa milimani ambao hawajawahi kuiona bahari, wakabishana nao kama wanavyobishana na mama mkwe aliye hai. Mama bora wa vilabu hakuwahi kubishaniwa. Alisikilizwa kwa adabu, na watu wakaenda zao.

Waandishi walioona wanawake wa Upare wakinyamaza mbele ya kurasa hizo walidhani tumeumbwa hivyo. Wangeliuliza habari za mbiru wangejua vingine.

Mbiru ilikuwa kodi iliyoongezwa katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, ikikadiriwa kwa kadiri ya mali ya mtu, na watu waliichukia kwa sababu makadirio yenyewe yaliingia hadi zizini na kwa sababu hawakuuamini mkono wa waliokadiria. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakataa kurudi mpaka kodi ifutwe. Hawakuchoma kitu. Walikaa. Waliendelea kukaa, kwa zamu na kwa makundi, na mgomo ukaendelea mwaka uliofuata. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyekuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alituandikia habari hizo katika kitabu alichokiita Mbiru, kilichotoka 1971.

Wanaume wakiwa Same, milima ilibebwa na wanawake. Kulima, kufungulia maji, kulisha mifugo, kuuguza. Kule Usangi wanawake mia kadhaa walitoka wakamkabili bwana shauri, na maneno waliyomwambia yamesimuliwa katika milima hii hadi leo. Walimtaka achague moja: amalize shauri la kodi waume zao warudi nyumbani, au awape mimba wao wote yeye mwenyewe. Mambo yakaishia kwenye vurugu na mawe, na wakuu wakafukuzwa mbio. Kufikia 1947 kodi ile ilikuwa imefutwa.

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Mwanamke wa Upare wa miaka ile hakuruhusiwa kutaja kitanda mbele ya mkwewe, sembuse mbele ya mgeni wa serikali. Wanawake wa Usangi walikichukua hasa kile kilichokatazwa kutajwa, wakakiweka mezani kwa bwana shauri, barazani, mchana, kwa umoja. Hawakuomba huruma. Hawakujieleza kwa lugha ya makadirio na asilimia ambayo yeye aliimudu kuliko wao. Walisema: kodi yako imefika mpaka hapa, ndani kabisa, basi malizia. Hakuna mhariri aliyewafundisha. Na kwa hukumu yangu, lugha ambayo magazeti ya wanawake ya Tanzania yalikuja kuitafuta miaka 40 baadaye ilikuwa imeshasemwa Usangi.

Mimi niliingia katika habari hizi kwa mlango wa ngumbaru, yaani kisomo cha watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisha wilaya chache zikachaguliwa zifute ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa 1971, zikiwamo Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro na Pare yetu, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya moja. Mwanga ilikatwa baadaye, 1979. Waliomaliza darasa la saba waliitwa wafundishe. Nilikuwa msichana mdogo, nikapewa chaki, ubao na wanawake walionizaa. Tulikutana alasiri, baada ya shamba, chini ya mwembe wa shule. Walikuja na watoto mgongoni na majembe mkononi, na nilikuwa nikiwaamkia shikamoo mmoja mmoja kabla ya kuwaambia waketi.

Vitabu vya kisomo vilipangwa kwa kazi za watu: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi, siasa, na kimojawapo kilikuwa cha mambo ya nyumbani. Wakubwa walidhani hicho ndicho cha wanawake. Wanafunzi wangu walikitazama, wakataka cha ndizi. Mmoja alinieleza bila kukasirika kwamba mambo ya nyumbani anayafanya tangu ana miaka sita, na kwamba kama serikali ina habari mpya basi ianze na zile asizozijua.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Kampeni ile iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi. Redio ilitoa kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma sura ya kijitabu, halafu kikundi kilitakiwa kijadili na kuamua kitafanya nini. Malaria, kuhara, minyoo, kichocho, kifua kikuu. Maneno yenyewe yalikuwa ya maagizo kama yale ya mama bora: chimba choo, fyeka nyasi, chemsha maji. Tofauti ilikuwa ni kwamba ukurasa uliishia kwa kikundi kuulizwa. Kijitabu kilisema choo kichimbwe, na mwanamke mmoja akauliza ni nani atakichimba, maana jembe la kuchimbia ni la mwanamume, na mwanamume yuko kilabuni. Palikuwa na wanaume wawili katika kikundi. Walijibu. Jibu halikuridhisha, likajibiwa tena. Jua likazama tukiwa bado kwenye choo, na wiki ile mashimo yakaanza kuchimbwa.

Ni swali lililowafungua. Toka siku zile sijawahi kuamini kwamba wanawake wa vijijini hawapendi kusoma. Hawapendi kuambiwa tu. Mtihani wa kisomo wa nchi nzima ulipofika, Agosti 1975, wengi wa darasa langu waliufanya, wakapata vyeti, na vyeti vikafungwa kwenye kanga pamoja na kadi za kliniki. Baada ya hapo wakaniuliza wasome nini. Sikuwa na la kuwapa. Gazeti la Uhuru lilifika likiwa limechakaa. Uhuru na Amani la kanisa lilikuja kwa mchungaji. Huko Nairobi lilikuwapo jarida la wanawake, Viva, lililoanza 1974, lakini lilikuwa la Kiingereza na la mjini, na sisi tulilijua kwa kusikia tu. Tulikuwa tumewafundisha watu kula, kisha hatukupika.

Ndiyo maana ninaikumbuka vizuri siku binamu yangu aliponiletea Sauti ya Siti kutoka Moshi. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kiliundwa mwaka 1987. Miongoni mwa waasisi wake walikuwa Fatma Alloo, Leila Sheikh, Ananilea Nkya, na Edda Sanga ambaye sauti yake tuliifahamu redioni. Mwaka uliofuata wakaanzisha jarida hilo, na jina wakalichukua kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu vya mama yake mitaani, kisha mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Siti aliimba mashauri yaliyotokea mitaani na mahakamani, hata yale ambayo wenye nguvu wangependa yasahaulike. Kwa hiyo jina lile lilikuwa ahadi: tutasema kwa lugha ya watu, na tutasema yaliyofichwa.

Niliposoma kibarazani, jambo la kwanza lililowagusa akina mama halikuwa habari yoyote. Walisikia kwamba walioandika walikuwa wanawake. Niliwasomea majina. Wakaniambia niyasome tena.

La pili lilikuwa namna ya kusema. Magazeti tuliyoyazoea yaliandika mke kupigwa kama ugomvi wa kinyumbani, na binti kunajisiwa kama mkosi uliompata baba yake. TAMWA walikuwa wakiita kosa kwa jina la kosa na kumweka aliyelitenda katika sentensi. Sikulijua hilo mpaka nilipolazimika kulisema kwa Chasu. Sentensi ya zamani, fulani amepatwa na jambo, ilipita kwa urahisi kwa sababu haikumgusa mtu. Sentensi mpya, fulani amemtenda fulani jambo hili, ilinifanya nisite, maana mbele yangu walikaa mama, mama mkwe na mke wa mtu wa namna hiyo. Nilisita, kisha nikaisema. Hakuna aliyeondoka.

Februari 1990 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Levina Mukasa, alijiua baada ya kunyanyaswa na kikundi cha wanafunzi wa kiume kilichojiita Punch. Waandishi wanawake hawakuiacha habari hiyo ipite. Sisi tuliokuwa milimani tulikuwa na mabinti sekondari, na tulikuwa tumeuza kahawa na tangawizi ili wafike huko. Niliposoma, mama mmoja aliyekuwa hajawahi kusema neno katika kikao chetu aliuliza: huko shuleni binti akionewa anamwambia nani? Hatukuwa na jibu. Tukakubaliana kwamba kila mwenye binti shuleni atamwandikia barua na kumuuliza hivyohivyo, na wasiojua kuandika barua ndefu niliwaandikia mimi. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ambayo gazeti la wanawake lilifanya kazi yake katika kijiji chetu. Halikutupa jibu. Lilitupa jambo la kuulizana kutoka kizazi kimoja kwenda kingine, jambo ambalo adabu yetu ilikuwa imelizungushia ua.

Kelele za waandishi wanawake wale na wenzao zilisaidia kuipata Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo pia iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa. Katika milima yetu hilo lilikuwa jambo la ndani kabisa, na lilihitaji lugha ya uangalifu mkubwa. Vipeperushi vilivyolitukana kabila havikusikilizwa. Vilivyomwacha ngariba mstaafu au mama aliyekwisha kutokwa damu katika uzazi aseme mwenyewe vilisikilizwa mpaka mwisho.

Hapa sina budi kusema jambo linaloniuma, kwa kuwa naipenda kazi ya wanawake wale. Katika miaka ya 1990 lugha ya machapisho ya wanawake ilianza kubadilika. Mashirika yaliongezeka, na pamoja nayo zikaja warsha, na kutoka kwenye warsha kikaja Kiswahili ambacho hakuna mama aliyekuwa amekisema: mtazamo wa kijinsia, uwezeshaji, ushirikishwaji, mfumo dume, wadau. Naelewa ni kwa nini maneno hayo yaliundwa. Sheria na bajeti zinayahitaji, na mwanamke anayekwenda kubishana na wizara asipoyajua atazungukwa. Lakini yalihamia kwenye kurasa za kumsomea bibi wa Gonja, na bibi wa Gonja akaanza tena kuulizia bei ya chumvi. Nilisoma ukurasa mzima juu ya uwezeshaji wa mwanamke kiuchumi, nikaugeuza kwa Chasu, na kilichobaki baada ya kugeuza kilikuwa: mwanamke apate fedha. Wakanitazama wakisubiri niendelee.

Tofauti niliiona vizuri zaidi kwenye mambo ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Katika milima ambako shamba hugawanywa kwa wana wa kiume mpaka kubaki vipande vya hatua chache, hiyo ni habari ya kutikisa ukoo. Wanasheria wanawake walitoa vijitabu vya kueleza sheria hiyo. Vile vilivyoandikwa kwa vifungu vililala. Vile vilivyoandikwa kwa swali la mjane, mume wangu amefariki, shemeji anataka shamba, nifanye nini, vilichanika kwa kupokezanwa. Mjane mmoja wa jirani alijifunza ukurasa wake kwa moyo, akausema mbele ya baraza la kata bila kukosea neno. Sitasimulia shauri liliishaje, maana wahusika wangali hai na wanasalimiana.

Magazeti ya watu binafsi yalipofurika baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, ilikuja sauti nyingine tena, na hii haikuwa na shida ya kusikilizwa. Yale magazeti ya udaku ya rangi nyekundu na njano, yaliyoshuka Same na mabasi ya Dar es Salaam, yalikuwa na safu za mapenzi na unyumba zilizoandikwa kwa sauti ya somo anayemfunda mwali: shoga yangu, njoo nikwambie. Wanawake wa stendi ya Same waliyasoma yakaisha. Nilikuwa na hasira nayo mwanzoni, kama mwalimu yeyote. Baadaye nikakaa nikaisikiliza ile sauti na kuona ilikuwa na kitu ambacho warsha ilikipoteza, yaani ukaribu. Ilijua kumwita msomaji. Hata barua za wasomaji zilikuwa na moto wa mtu aliyekosa pa kusemea. Ila ukaribu ule uliishia chumbani. Wanawake wa Usangi walikitoa kitanda wakakileta barazani ili serikali ijibu; safu hizi ziliichukua kila shida ya mwanamke, hata ya njaa na kipigo, zikairudisha kitandani, na dawa ikawa siku zote ni ileile: mjue mumeo. Tena zilizungumza kwa desturi za pwani kana kwamba ndizo za Tanzania nzima. Msichana wa Suji hakuwa na kungwi. Alikuwa na shangazi, na shangazi alikuwa na maneno yake.

Wajukuu wangu walikua na kitu bora kuliko hicho. Jarida la Femina lilianza mwaka 1999 Dar es Salaam, likasambazwa bure shule za sekondari, na baadaye kidogo likafuatiwa na Si Mchezo!, iliyokusudiwa vijana wa vijijini, yenye maneno machache, picha nyingi na watu wa kweli wakisimulia maisha yao. Haya hayakuwa magazeti ya wanawake peke yao, nami naona hapo palikuwa na busara. Mjukuu wangu wa kike alisoma habari za mimba za utotoni na Ukimwi pamoja na kaka yake kwenye ukurasa mmoja, wakabishana jikoni nikiwa nasikia. Katika ujana wangu ukurasa wa wanawake ulifanya mwanamume aruke ukurasa. Huu ulimfanya akae.

Leo gazeti la karatasi ni nadra hata Same mjini. Wanawake wa kikundi chetu cha vikoba hukutana Jumapili baada ya ibada kununua hisa na kurejesha mikopo, na kabla ya sanduku kufunguliwa, mwenye simu kubwa husoma habari. Anasoma kwa Kiswahili, anageuza kwa Chasu kwa ajili yetu wazee, sawasawa na nilivyofanya. Oktoba 2019 alitusomea kwamba Mahakama ya Rufani imekubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Msomaji wetu alianza kueleza kwa maneno ya mahakama. Mama mmoja akamkatiza, akamtaka aseme tu: huyo binti alishtaki serikali? Alishtaki. Akashinda? Akashinda. Peke yake? Hapo ndipo mjadala ulipoanza kweli, maana walikuwapo walioozwa wakiwa na miaka 15 na wakalea vizuri, na walikuwapo walioozwa wakiwa na umri huohuo ambao hawakuwahi kulisimulia jambo hilo mpaka alasiri ile.

Sanduku lilichelewa kufunguliwa. Mwishoni walitaka maneno yao yamfikie aliyeiandika habari ile, na msomaji akatafuta kwenye simu mahali pa kuandikia. Palikuwapo, kwa wanaoandika. Bibi aliyekuwa na la kusema zaidi kuliko wote haandiki. Kwa hiyo msomaji alibonyeza kitufe cha kurekodi, akamsogezea simu mdomoni, na bibi akamuuliza kwanza kama huyo mhariri ni mwanamke, na kama anajua Chasu.